Yule Mama wa Ndani ya Kompyuta

Hapana, yake sifanyi. Najua hakuna mtu ameniuliza bado, mko na chai mkononi na mandazi mdomoni, lakini nawaona. Nimemaliza kufanya sauti ya pasta, vile alikuwa anasema marehemu alikuwa nguzo huku anaangalia saa, mkacheka mpaka mtu akamwaga chai kwa kitambaa cha kiti, na sasa mnaangaliana mkingoja mmoja apate roho ngumu aseme, Cucu, nyanya yetu, hebu tufanyie ya Rispa. Sifanyi. Naweza kufanya ya mtu yeyote amewahi kuishi hapa Mbotela, na wa Shauri Moyo pia, na mbuzi wao. Ya Rispa nilikuwa naifanya kumshinda mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Nekesa, hiyo simu yako ya kurekodi isogeze huku kwangu, usiiweke karibu na Mama Akoth, itarekodi kutafuna peke yake.

Na wewe Nekesa ndiyo mwenye hii hadithi, kwa sababu siku ile ulishuka kwa ndege uliniuliza kitu nikakuambia uliza mama yako. Ukamwuliza. Akakuambia kula kwanza. Umekula miaka yote hiyo, umeolewa ukila, umetibu nusu ya hii estate ukila, na leo mama yako Rispa yuko kwa sanduku, kesho tunampeleka Bungoma, na hakuna mtu amekujibu. Uliniuliza hivi: mbona barua za Mama zilikuwa ndefu hivyo, tamu hivyo, mwaka mzima, halafu ikaja moja ya mstari mmoja, "Nekesa rudi, kitanda kiko," ukafikiri mtu amekufa, ukafunga nguo zako Uingereza ukaja na moyo mkononi, ukamkuta mama yako amekaa anachambua mrenda? Ndiyo. Sasa kunywa chai, nakuja hapo.

Ulikuwa ule mwaka watu walikuwa wanasema kalenda ikigeuka kompyuta zote zitazima duniani, na sisi huku laini yetu ya nyumba kompyuta ilikuwa moja, ya Njuguna, kwa hivyo tulikuwa tunaiombea kanisani kama mgonjwa. Njuguna, Mungu amlaze pema, alikuwa karani wa ofisi huko mjini, akastaafu, akafungua chumba cha kupiga chapa hapo mbele, kinaangalia barabara. Chumba kilikuwa kidogo, ukiingia na begi lazima begi litoke kwanza. Typewriter mbili zimelala chini ya vifuniko vyao kama kuku wanaolalia mayai, harufu ya wino na ya koti la Njuguna, na kwa kona, kompyuta, imefunikwa kile kitambaa bibi yake alikuwa ameshona na sindano, cheupe, chenye maua kwa pembe, ungefikiri ni meza ya bwana harusi. Mimi nilikuwa na jiko langu hapo mlangoni, chai na mandazi na siku ya Alhamisi githeri ya mahindi na maharagwe, na ndiyo maana nilijua kila mtu ameandika nini kwa nani. Sijui kusoma hata jina langu, lakini masikio nilipewa mawili na nikayatumia yote. Njuguna alikuwa anatoa kichwa hivi, miwani kwa pua, na ile sauti yake ya ofisi, "Mama Shiru, nireteeni shai, na iwe ya heshima." Shiru ni Ciru, mimi Mama Ciru, ulimi wake ulikuwa hivyo, na chai ya heshima ilikuwa ni yenye maziwa mengi. Cheka pole pole, Mama Akoth, utasakamwa.

Sasa barua za ng'ambo. Sisi wamama wa laini yetu ambao walikuwa na mtoto huko nje tulikuwa na anwani moja ya imeili, moja tu, Njuguna alitufungulia kwa mtandao. Nasema "tulikuwa" na mimi sikuwa na mtu hata Mombasa, lakini nilikuwa na chai, kwa hivyo nilihesabiwa. Mama Akoth alikuwa na Otieno Amerika, Rispa alikuwa na huyu Nekesa amekwenda Uingereza kusomea unesi. Siku za kusoma tulikuwa tunajaa kwa kile chumba, wengine wamesimama nje dirishani. Lakini kusoma kwenyewe kulikuwa kama kunyang'anywa. Ili ule ukurasa wa barua ufunguke lazima Njuguna aunganishe waya wa simu, mashine ilie kama paka wawili wanapigana kwa debe, na kutoka hapo simu inakula pesa mpaka achomoe. Kwa hivyo anasoma na pumzi moja, mkono mmoja kwa waya, sauti iliyonyooka kama anasoma majina ya waliofeli, "Mama habari mimi mzima huku baridi sarimia wote wako Nekesa," tap, amechomoa. Na kwa sababu kulikuwa na nafasi kidogo kwa huo ukurasa, alikuwa anafuta. Imeenda. Wamama wanabaki wanaulizana, amesema nini? Amesema baridi? Amesema mzima?

Hapo ndipo mimi nilikuwa naanza kazi. Nilikuwa nimeshika yote. Naweka birika chini, najifanya nimevaa koti, nafanya ya Nekesa, ile sauti yake ya kupitia kwa pua kama binti wa kwaya, "Mama, huku jua linatoka lakini halichomi, linakuangalia tu kama jirani mmekosana." Hayo ya jirani niliongeza mimi, yeye alisema tu jua halichomi. Lakini Rispa alikuwa anacheka akiziba mdomo na kiganja, vile alikuwa anacheka, bila sauti, mabega peke yake, na ananiambia, rudia hapo kwa jua. Narudia. Kesho yake kwa bomba la maji ananiambia, rudia. Mtoto wake alikuwa anakaa wiki nzima kwa mdomo wangu.

Na majibu pia. Rispa alikuwa anafua nguo za watu Buruburu, anaondoka kama bado kuna umande, anarudi vidole vimekunjamana kama njugu zilizochemshwa. Hakuwa na wakati wa kungoja Njuguna avae miwani. Kwa hivyo tulikubaliana, ananiambia asubuhi kwa bomba, mimi nampelekea Njuguna. Na wacha niwaambie vile Rispa alikuwa anatuma maneno. "Mwambie nimepata picha. Mwambie avae nzito." Imeisha. Mtoto ako ng'ambo, analia usiku na mto, na wewe unamtumia maneno sita. Nikamwambia Rispa, haya maneno yako hayawezi kusafiri peke yake, yatashikwa na baridi njiani, wacha niyavalishe. Akasema sawa. Basi nikawa nakaa kando ya Njuguna kwa kile kiti kibovu, nafumba macho, naingia kwa Rispa. Ile sauti ya chini, ya pole pole, na ile "eeh" yake ya kuvuta. "Nekesa mwanangu, eeh, picha nimeipata nikaiweka juu ya kabati nikaona umekonda shingo, nikamwambia Mama Ciru huyu mtoto anakula nini huko, akaniambia wanakula viazi, nikasema hata sisi tunajua viazi." Njuguna anapiga chapa na vidole vyote kumi, anasimama anafuta machozi, anasema, "Mama Shiru, rakini huyu mama ana hekima." Kama hajui ni mimi. Kila mtu alijua ni mimi, hata Rispa. Jioni ananiuliza, umemwambia nini? Namwambia. Anakunja leso, halafu, "Sawa." Na Nekesa akaanza kuandika zaidi, kutoka mara moja kwa mwezi mpaka kila wiki, kwa hivyo nani angesema tunafanya vibaya?

Halafu Njuguna akapata elimu. Kuna mpwa wake wa kike alikuwa anasoma kompyuta chuo fulani mjini, akamwambia Mjomba, mnateseka bure, ndani ya hiyo mashine yako kuna programu ya kuchukua barua. Njuguna akatuita wote, akavaa tai, nakumbuka tai, ilikuwa ya rangi ya maini, akasimama mbele ya kile kitambaa cha maua. "Wamama. Kuanzia reo hatuendi tena kwa barua. Barua ndiyo itakuja kwetu." Mama Akoth akauliza, kwa miguu? Akaeleza vizuri, hata mimi nikaelewa. Mpaka hapo tulikuwa kama mtu anakwenda kusomea barua yake kwa mlango wa nyumba ya wenyewe, taksi inangoja. Sasa hiyo programu itaenda huko mara moja, ibebe barua zote kwa kapu, izilete ndani ya kompyuta, achomoe waya, halafu tukae tusome kama watu, turudie mara tunataka, simu imelala. Na zile tunaandika sisi pia atakuwa anaandika waya ukiwa chini, zinakaa kwa kisanduku cha kutoka, akiunganisha zinaenda pamoja. Na hata zikienda, nakala inabaki. Hapo niliacha kumimina chai, nikajiuliza kitu. Kama barua inaweza kurudiwa na mashine, mimi nitarudia nini?

Kuiweka hiyo kitu kulichukua siku nzima na birika nne. Ile mashine inauliza maswali kama wajomba siku ya mahari. Anwani ni gani, neno la siri ni gani, barua zikiingia zinapitia mlango wa nani, zikitoka zinapitia mlango wa nani. Na swali la kwanza kabisa, jina lako. Njuguna akageuka akatuangalia. Jina la nani? Yeye alitaka lake, kwa sababu mashine ni yake. Mama Akoth akasema ni lake, kwa sababu ndiye mkubwa, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alikubali ni mkubwa. Mwingine akasema tuweke jina la chama chetu, lakini chama kilikuwa kimegawanyika. Ilikaribia kuwa vita. Rispa alikuwa amekaa pale chini na beseni yake, akasema, "Watoto wanatuita aje?" Njuguna akaandika Mama, hapo na kwa ule ukurasa wa zamani pia, akatumia huo kupeleka salamu kwa watoto wote. Basi. Kutoka hiyo siku barua yoyote ikitoka hapo, mtoto aliyeko huko anaona imetoka kwa Mama, hakuna jina lingine. Nekesa, wewe ulituambia baadaye ulipoona hivyo ulifikiri nini. Ulifikiri mama yako amepata anwani yake mwenyewe. Ulifikiri sasa unaongea na yeye peke yake, hakuna Njuguna, hakuna Mama Akoth dirishani na mahindi ya kuchoma.

Ndiyo ukaandika ile. Njuguna aliunganisha, paka wakapigana, na barua zikaanguka ndani kama mahindi kwa debe, tukapiga makofi, na ya kwako ilikuwa juu. Alichomoa waya akasoma pole pole, kwa mara ya kwanza alisoma pole pole, kumbe alikuwa na sauti nzuri. Ulisema umemaliza masomo. Ulisema hospitali ya huko inataka kukushika kwa kazi, wanataka jibu mwezi ukiisha. Ulisema, "Mama, nikae ama nirudi? Sijui mwenyewe. Utakavyosema ndivyo nitafanya."  Tuligeuka wote tukamwangalia Rispa. Alikuwa anaangalia sabuni kwa kucha zake. Nikamwuliza, Mama Nekesa, tumwambie nini? Akainuka akachukua beseni. "Mwambie nimesikia." Akatoka.

Sasa, nimesikia si jibu. Na wamama wote walikuwa na jibu. Mama Akoth, usikatae, ulisema hivi, mkono kwa kiuno, "Arudi afanye nini hapa na hii sida yote? Akae huko." Na sisi wote tukasema akae. Ni nani alikuwa anarudi wakati huo? Kila mtu alikuwa anatafuta mlango wa kutoka. Tulifikiri Rispa ameshindwa kusema kwa sababu ya uchungu, na kazi ya rafiki ni kukusaidia kusema kile unashindwa. Kwa hivyo nikakaa kwa kiti kibovu nikafumba macho, na siku hiyo nilimfanya Rispa kushinda siku zote. "Nekesa mwanangu, eeh, mimi ni kama mafiga, hata ukienda miaka kumi ukirudi utanikuta hapa hapa nimekaa kwa majivu yangu. Usinihurumie. Hii nyumba ni ndogo, na nimezoea. Kaa huko ujenge maisha, mimi nikisikia umeshiba, nimeshiba." Wamama walilia. Mimi mwenyewe nililia, kwa sauti ya Rispa. Njuguna akafuta miwani akasema hii inaenda sasa hivi, akaunganisha, akabonyeza.

Haikwenda. Mashine iliandika Kiingereza chekundu. Zinazoingia zilikuwa zinaingia vizuri, lakini ya kutoka ilikaa kwa kile kisanduku cha kutoka kama mgeni amekosa gari. Njuguna alijaribu tena. Alipuliza vumbi. Alizima, akaifunika na kitambaa ipumzike, akaniambia, "Inatafakari." Kumbe mahali inauliza milango aliandika mlango mmoja mara mbili, ule wa kuingia, na wa kutoka ni mwingine kabisa, lakini hilo hakulijua, na mpwa wake alikuwa ameenda kwao Nyeri, na kwa ule ukurasa wa zamani alikataa kurudi, alisema ofisi hairudi nyuma. Siku zinaenda. Mwezi unaisha. Mimi sikulala, nafikiria mtoto wa watu anangoja jibu huko kwa baridi na jibu limekaa hapa chini ya maua ya mke wa Njuguna. Rispa hakuuliza hata siku moja kama imeenda.

Jioni moja nilimpelekea mandazi zilizobaki. Mnajua nyumba yenyewe, ni hii hii tumekaa, kabla hamjavunja huo ukuta. Alikuwa amepika ugali wa wimbi na mrenda, tukala tumekaa sakafuni juu ya gunia, mimi na mgongo wangu. Na hapo nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda. Kimetandikwa, shuka limenyooka kama la hospitali, juu yake amefunika na karatasi ya nailoni vumbi lisiingie. Nikasema Rispa, mgongo wangu unanimaliza, si nikae hapo? Akasema, "Hapo hapakaliwi." Nikacheka, nikafanya sauti ya askari wa kanjo anafukuza wachuuzi, hapa hapakaliwi, sogea mama, sogea. Akacheka na mabega. Nilirudi kwangu nikifikiri, huyu mwanamke ni msafi sana. Masikio nilipewa mawili, lakini macho sijui nilikuwa nimeyakopesha nani.

Jumamosi mpwa akarudi, akamwambia Njuguna kwa simu mlango wa kutoka si wa wale wenye ukurasa, ni wa wale wanatuuzia laini ya mtandao. Njuguna akarekebisha, herufi moja moja. Mimi nilikuwa nimeingiza birika. Na wakati huo huo Rispa akatokea mlangoni, mikono bado myeupe ya sabuni, hajapitia hata nyumbani. Akasema amesikia kwamba sasa barua zinakaa ndani na kusoma hakulipishwi. Njuguna akajivuna, akasema, karibu, mama, zako zote ziko hapa tangu nilipoanza kuweka, na zile za zamani nilikuwa na karatasi nikaziingiza. Rispa akakaa kwa kiti kibovu. "Nisomee zile nilituma mimi." Zote? Zote.

Nikamwekea chai, nikafungua mdomo kumsaidia Njuguna, kwa sababu alianza na ile sauti yake ya waliofeli, nikaingia kwa Rispa, "Nekesa mwanangu, eeh." Rispa akaniangalia, bila ubaya. "Mama Ciru, wewe nyamaza. Asome yeye." Kwa hivyo nilinyamaza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza Mbotela nilinyamaza. Njuguna akasoma. Picha juu ya kabati, viazi, yule jogoo wa jirani niliyemtunga, mvua, ndoto ambazo Rispa hakuota. Bila sauti yangu yalikuwa maneno tu, yanapita moja moja kama watu wanatoka kanisani. Rispa alikuwa anakubali na kichwa, mahali pengine anatabasamu. Pale kwa jogoo alicheka na mabega. Chai ilipoa kwa mkono wake hakuinywa. Njuguna akafika kwa ya mwisho, ile ya mafiga, ile ya kaa huko nikisikia umeshiba nimeshiba, akaisoma mpaka chini, akavuta kamasi. Akasema, hii ndiyo ilikuwa imekwama, mama, lakini sasa dawa imepatikana, nikibonyeza hapa, Uingereza wanaipata kabla hujamaliza hiyo shai. Akaunganisha waya. Paka wakapigana, wakanyamaza. Kidole chake kilikuwa juu.

Rispa akaweka kikombe chini, karibu na kile kitambaa, akajipangusa mikono kwa leso, pole pole, kidole kimoja kimoja.

"Huyo mama anajua kuongea," akasema. "Mimi nataka mtoto wangu nyumbani."